Umenunua anwani ya pili, lakini barua bado zinatoka na ile ya kwanza

Mteja wetu mwenye nyumba ya wageni Shela, Lamu, alitujia akiwa amechoka kweli. Wageni wanalipia vyumba, seva inawatumia uthibitisho kwa barua pepe, na barua zinaishia kwenye spamu. Anwani ya IP ya seva yake, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni, ilikuwa imeingia kwenye orodha za watumaji taka, basi akanunua ya pili, safi. Wiki ikapita, hali ni ile ile.

Tulifungua barua moja iliyotupwa, tukasoma ile mistari ya juu ambayo programu huificha. Kwenye mstari wa Received, unaoonyesha barua imepokelewa kutoka wapi, palikuwa na 203.0.113.10, anwani ya zamani. Ile mpya, 203.0.113.25, haikuonekana popote. (Namba hizi ni za mfano; tumezificha zake.)

Hapa ndipo wengi hupotea. Mtu akifungua tovuti kupitia anwani mpya, seva humjibu kwa anwani hiyo hiyo, kwa hiyo kila ukijaribu utaona mambo yako sawa. Lakini seva inapoanzisha safari yenyewe, kupeleka barua au kuita huduma ya malipo, inajichagulia. Linux, mfumo unaoiendesha seva, hutazama njia ya kutokea: kama imetajwa anwani humo, huchukua hiyo, isipotajwa, anwani mbili zikiwa za mtandao mmoja, huchukua iliyotangulia kuwekwa. Ni kama nyumba ya mawe yenye milango miwili: mgeni hupokelewa pale alipobisha hodi, lakini mwenyewe akienda sokoni hutoka kwa mlango aliouzoea.

Unaweza kuiuliza seva yako sasa hivi:

ip route get 1.1.1.1

Namba inayofuata neno src ndiyo anwani itakayotoka nayo.

Njia ya haraka ni kubadilisha src kwenye njia kuu, na kila kitu kitahama. Sisi hatukumfanyia hivyo. Kampuni inayopokea malipo yake inaruhusu maombi kutoka anwani ya zamani peke yake. Tungehamisha yote, barua zingefika na malipo yangekataliwa. Tuliigusa Postfix tu, ile programu ya seva inayopeleka barua. Katika faili la master.cf, chini ya mstari wa huduma ya smtp inayopeleka barua nje, tuliongeza mstari huu, ukianza kwa nafasi tupu:

-o smtp_bind_address=203.0.113.25

Kisha tukaomba kwa aliyemuuzia anwani aweke rekodi ya PTR, ile inayoonyesha anwani ni ya jina gani, yenye jina la seva ya barua, tukahakikisha Postfix inajitambulisha kwa jina hilo hilo, na tukaiingiza anwani mpya kwenye SPF, orodha ya anwani zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. Ukiruka hatua hizi, hata anwani safi hutiliwa shaka. Na kama seva yako ina IPv6, aina mpya ya anwani za IP, angalia pia smtp_bind_address6, maana barua zinaweza kupitia huko bila wewe kujua.

Kama una tatizo la aina hii, tuletee barua moja iliyotupwa, pamoja na mistari yake yote ya juu. Tuko Langoni, na tutaisoma pamoja nawe kabla hatujagusa seva.