Barua ya wazi kwa vijana wa boda mliopooza mkono: msijifungie ndani

Wanangu, marahaba. Najua mngekuwa mbele yangu mngeniamkia, kwa iyo naitikia kabisa.

Naandika hii kwa nyinyi mlioanguka na pikipiki mkapona kichwa mkapona miguu, ila mkono mmoja umebaki unaning'inia, hausikii hata ukifinywa, alafu usiku unawaka moto. Na mimi ni mwenzenu. Nilikuwa abiria, nimekaa nyuma na kapu langu la sokoni, gari ikatugusa nikaangukia bega la kulia. Dereva wangu alichubuka tu, mimi nikainuliwa mkono hauna kitu. Ni miaka sasa, kiwiko kinakunja, vidole bado vimelala, na bibi yenu anaishi, anapika, anasuka ukili na wajukuu wakimshikia.

Ninachotaka kuwaambia ni kimoja. Tafuta mtu aliyeumia kama wewe, aliyekutangulia, umjue kwa sura, uwe unakaa naye. Simaanishi umwache dokta wala umwache mkeo au mama yako. Namaanisha kuna kazi yule mtu anaifanya ambayo hawa wote hawaiwezi hata wakupende vipi.

Nieleze kwanini. Mishipa ya fahamu ya mkono inatokea shingoni, mizizi 5, inapita chini ya mtulinga inaingia kwapani ndo inashuka mpaka vidoleni. Kwenye faili wanaandika brakiali pleksasi. Ukianguka bega likavutwa huku na shingo ikaenda kule, mishipa inavutika. Kuna iliyovutika tu, hiyo mara nyingi inarudi, kuna iliyokatika, na kuna iliyong'oka kabisa kwenye uti wa mgongo, hiyo hairudi yenyewe hata ukae miaka mingapi. Na ule unaoota tena unaota kama milimita 1 kwa siku, basi. Sasa pima kutoka shingoni mpaka ncha ya kidole, kwa mtu mzima inafika sentimita 70 na zaidi, ndo uone hii ni safari ya miaka kama 2. Nyumbani wao wanajua mfupa, mtu anafungwa plasta wiki kadhaa anafunguliwa anaenda kazini. Wanakuangalia mkono hauna kidonda hauna plasta, wanaanza kusema mbona mkono si upo, labda anadeka, labda karogwa, na hawasemi kwa ubaya jamani, wamechoka na hawaelewi. Aliyepita hapo huna haja ya kumwelezea. Ukimwambia jana usiku shoti ilikuwa inapiga toka begani mpaka kwenye kidole gumba ambacho hata ukikigusa hakisikii, yeye anakuuliza tu, ilikuwa kama moto au kama umeme? Hapo peke yake unapumua.

Na kuna jambo la mkono wa kushoto, hili nalisema taratibu maana najua wengi linawaumiza na hawalitamki. Mimi nimekulia pwani. Kwetu mkono wa kushoto haulii, hautoi, haupokei, haumwamkii mtu. Sasa umeumia wa kulia ufanyeje? Vijana wengi mnaacha kula na watu, mnabeba sahani yenu mnaenda nayo chumbani, harusi hamuendi, msibani hamuendi kwasababu mtu atakunyooshea mkono na wewe huna wa kumpa. Mimi nilikuwa naletewa chakula changu ndani kama mgonjwa wa kuambukiza, mwenyewe ndo nimeomba iwe hivyo. Siku moja kwenye benchi la fizio, pale kliniki ya mazoezi ya viungo, mtu mzima mmoja, mwalimu mstaafu, mkono wake wa kulia umekufa kabisa, akafungua hotpoti yake akasema bismillahi akala kwa kushoto katikati ya watu wote, kwa utulivu, akamega chapati akanipa kwa mkono ule ule, akasema pokea dada yangu, Mungu anajua mkono wangu mwingine uko wapi. Nikapokea. Yaani hakuna sheikh wala padri wala mwanangu yeyote alikuwa amefanikiwa kunirudisha kwenye sinia, na wote walikuwa wameniambia hakuna dhambi. Kuambiwa na mtu mwenye mikono 2 na kuona kwa mwenye mmoja ni vitu tofauti kabisa.

Vitu vidogo pia nimejifunza kwao, vinaokoa siku. Shati unaanza kuvaa mkono mbovu, ukivua unaanza na mzima. Usiku unaweka mto chini ya mkono, usiulalie. Mchana unautundika kwenye kombeo, kile kitambaa kinachofungwa shingoni, kwasababu ule uzito ukining'inia tu bega linashuka linachomoka. Kijiko cha chai, jiko la mkaa, maji ya moto, pasi, vyote unapima kwanza kwa mkono mzima maana ule mwingine utaungua na hutajua mpaka usikie harufu. Na vidole mnyooshane, kila siku, bega lizungushwe kama fizio alivyoonyesha, kwasababu mshipa ukija kufika ukakuta viungo vimekakamaa umefika bure. Peke yako utaacha baada ya mwezi. Ukiwa na mwenzio anayekuuliza leo umenyoosha? utanyoosha.

Sasa hili la muda naomba mlisikie vizuri maana hapa ndo naona vijana wanapoteza mkono. Mtu ameumia, anapelekwa kukandwa, anapakwa mafuta, anaambiwa subiri utarudi, mwaka unapita. Kukandwa hakuungi mshipa uliokatika. Msuli usiofikiwa na mshipa unakufa, ukipita mwaka, mwaka na nusu, hata mshipa ukiungwa msuli haupokei tena. Ndo maana madaktari wa hii kazi wanapenda kukuona mapema, na opareshen ikihitajika iwe ndani ya miezi 6 ya mwanzo hivi, wanaweza wakachukua mshipa wa mguuni wakauunga shingoni, au wakachukua tawi la mshipa unaofanya kazi wakaliamishia kwenye msuli wa kukunja kiwiko. Ukiona kope ya upande ulioumia imelegea na mboni ya jicho imekuwa ndogo, mwambie dokta, usinyamaze ukadhani ni usingizi, hiyo ni dalili kwamba huenda mzizi umeng'oka. Omba rufaa. Kwetu Tanzania kuna Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, kaskazini kuna KCMC Moshi, kanda ya ziwa kuna Bugando. Nauli ni shida naijua, lakini aliyetangulia atakwambia uende dirisha gani, ubebe karatasi gani, na ulale kwa nani ukifika.

Ila na kukaa pamoja kuna hatari zake, mimi ni mtu mzima siwezi kuwaficha. Msilinganishe mikono. Mwenzio ameumia mizizi 2 ya juu, kiwiko kimeanza kukunja miezi 6 tangu aumie, wewe mizizi yote 5, sio kwamba wewe huombi au hufanyi mazoezi, majeraha ni tofauti. Msigawane dawa, nawasihi. Panado na diklofenaki kwa haya maumivu mara nyingi hazifui dafu, dokta anaweza kukupa amitriptilini au gabapentini au pregabalini, na kila mtu ana kipimo chake, inapandishwa taratibu na haiachwi ghafla, sasa wewe ukimpa mwenzio vidonge vyako 2 kwa huruma unaweza kumdhuru. Tramadoli za mtaani na gongo sitaki hata kusikia, nimeona kijana mzuri anaisha hivi hivi. Akija mtu kwenye kikundi chenu anauza mafuta ya kuotesha mishipa, mtoeni. Na mwenzenu akianza kusema bora nife, hayo sio maneno ya kupita nayo, msimwache peke yake hata dakika, wawili mkamate boda mumpeleke hospitali usiku huo huo na mkae naye mpaka aonwe.

Mtawapata wapi? Muulizeni fizio siku ya kliniki, mwambie nikutanishe na mtu mwenye mkono kama wangu aliyefika mbali kidogo, wanawajua wote. Muulize afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Muulize vijiwe vingine vya boda, kila kijiwe kina mmoja. Wengine wako kwenye CHAWATA na vyama vingine vya watu wenye ulemavu, na najua wengi wenu mnakataa, mnasema mimi sio mlemavu mimi naumwa tu. Mwanangu, kuingia hakuzuii mkono kurudi. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo imegawanywa, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, mkiwa kikundi mmejisajili mnaomba mkopo usio na riba, kijana wa mkono mmoja akafungua duka la spea au akalipia mashine ya kuchaji simu. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulize utaratibu ulivyo sasa.

Kina mama na wake zao nao wakutane, hata mara moja moja. Anayemnyanyua mtu usiku naye ana yake moyoni, na hawezi kumwambia mgonjwa.

Na nyinyi mliopita mwaka wa pili, mkono ulirudi au haukurudi, hii barua ni yenu pia. Msisuse kliniki kwasababu hamna cha kutibiwa. Nenda ukae benchi lile lile, ukiona kijana mgeni yuko na mama yake, mkono kwenye kombeo, anaangalia chini, jisogeze. Usianze na pole, pole ameshapewa nyingi. Muulize unalala? Muulize ushaonwa na dokta wa mishipa? Akikujibu hapana kwa la pili, siku hiyo hiyo uongozane naye mpaka kwa fizio mkaulize rufaa.

Wenyeviti wa vijiwe mnaosoma hapa, nawaomba kitu kama mama yenu. Kijana akiumia msimfute kwenye daftari. Mchango wa wiki muendelee kumwita, nafasi yake kwenye kikoba ibaki, mpeni ukatibu, mpeni kuandika zamu na hesabu kwa mkono uliobaki, na kila wiki mmoja wenu ampakie bure ampeleke fizio.