Kabla hujaishusha hiyo Subaru

Arusha, Jumapili jioni

Kaka yangu,

Salamu sana, na poleni na baridi ya Iringa. Nimesoma ujumbe wako kuhusu Impreza STI yako ya 2004, kwamba ukiingia kona kwa kasi unakata usukani na gari bado linasukuma mbele, linataka kwenda moja kwa moja. Tena fundi anataka kukufungia springi fupi na ngumu Jumamosi. Nakuomba umsimamishe kwanza.

Gari lako si bovu. Injini ya boksa, ile yenye pistoni zilizolala ubavu, imekaa mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo matairi ya mbele yamebeba mzigo mkubwa kuliko ya nyuma, na hayohayo ndiyo yanayokata kona. Lazima yazidiwe mapema. Na kiwandani hilo limeachwa kwa makusudi: gari likisukuma mbele, dereva wa kawaida huachia mafuta na linarudi, lakini mkia ukitoka wengi huishia mtaroni. Tunachotaka ni kupunguza hiyo tabia, tusiigeuze.

Sasa hizo springi. STI yako ina struti za MacPherson, yaani springi na shokamzoba vimeungana kuwa nguzo moja inayoshika tairi. Bodi ikilala kwenye kona, tairi la nje linalala nayo na kubaki likikanyagia bega, yaani ukingo wake wa nje. Ukilishusha gari sana, mkono wa chini wa saspensheni unainuka upande wa tairi. Kuanzia hapo, springi ikibonyea, tairi linazidi kuegemea nje badala ya kuegemea ndani. Halafu ile nukta ambayo bodi huizunguka inapolala inashuka zaidi ya bodi yenyewe ilivyoshuka, kwa hiyo nguvu ya kulilaza gari inapata mkono mrefu zaidi wa kulisukumia. Utakuwa umenunua ugumu wa kupambana na tatizo ulilolinunua siku hiyohiyo! Hili linaniuma kila nikiona gari zuri limelazwa chini kwa ajili ya picha.

Anza na chaki. Asubuhi, matairi yakiwa baridi, jaza upepo kama kibandiko cha kiwandani kinavyosema, kisha chora mstari kutoka kwenye kashata hadi ubavuni mwa kila tairi. Zungusha kona kadhaa kwenye uwanja mtupu, ushuke uangalie. Chaki ikifutika hadi ubavuni, tairi linajikunja: ama upepo mdogo, ama limesimama wima mno.

Halafu ingia chini ukiwa na tochi na mtaimbo, utikise bushi za mikono ya chini, zile mpira za kwenye maungio yake. Kwa gari la umri huo, mpira ukiwa umepasuka, vipimo vya alaimenti, yaani pembe za matairi, havidumu hata wiki.

Bushi zikiwa nzima, nenda kwenye alaimenti. Boliti ya juu inayoshika struti ya mbele ina kichwa chenye alama. Ukiilegeza na kuizungusha, kichwa cha tairi kinaingia ndani au kutoka nje. Omba kichwa cha tairi kiingie ndani nyuzi 1.5 kwa mbele, kushoto na kulia sawa, na nyuma nyuzi 1. Pua za matairi ya mbele ziangalie mbele moja kwa moja, na zipangwe mwisho kabisa, maana ukigusa huo mlalo wa kichwa cha tairi nazo zinahama. Mafundi wengi wanaruka hapo, simama pembeni ya fundi uangalie.

Kama bado linasukuma, ndipo ubadilishe stabilaiza ya nyuma peke yake, kile chuma kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili bodi isilale sana. Ukitoka chuma cha milimita 20 kwenda 22, ugumu unapanda kwa karibu asilimia 46, kwa sababu unafuata kipenyo kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Sehemu kubwa kuliko awali ya uzito unaohamia nje kwenye kona itabebwa na ekseli ya nyuma, na tairi la nje la mbele litapata nafuu. Ya mbele usiiguse, ukiikaza unarudi kulekule. Ila mvua ikinyesha mkia utakuwa mwepesi kuliko ulivyozoea, basi usiachie mafuta ghafla katikati ya kona.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, uendeshe, uandike. Na kaka, mlima wa Kitonga si mahali pa kujaribia, malori yale yanapanda na kushuka usiku na mchana.

Nitumie picha ya karatasi ya alaimenti, ya kabla na ya baada. Wasalimie shemeji na watoto.

Wako,
wa Arusha