Mkija Gargano msiishie mlimani

Bari, Julai

Mama Neema mpenzi,

Habari za Morogoro, na watoto hawajambo? Huku tupo, ila joto limetushika vibaya. Nimeipata ratiba ya hija ya WAWATA, akina mama Wakatoliki, wa parokia yenu nikacheka peke yangu: mnatoka Roma usiku, asubuhi San Giovanni Rotondo kwa Mtakatifu Padre Pio, yule mtawa wa madonda, jioni mnageuza. Yaani mfike mpaka rasi ya Gargano, huku kusini mwa Italia, bahari iko kwa chini pale, halafu muione kwenye dirisha la basi! Mwambie mwenyekiti wenu apunguze haraka.

Sisemi Padre Pio mumpite juu juu. Alifika kwenye konventi ya pale, nyumba ya watawa, mwaka 1916 akakaa mpaka alipofariki tarehe 23 Septemba 1968. Msalaba aliokuwa akisali mbele yake alipopata madonda kama ya Yesu, mwaka 1918, bado upo kwenye kanisa la zamani. Watu wengi hukimbilia kanisa jipya alilolichora Renzo Piano, lenye matao makubwa ya mawe, maana mwili wake umewekwa kwa chini huko. (Uso umefunikwa kwa barakoa ya silikoni, nakwambia mapema.) Mimi kilichonigusa ni hospitali iliyo jirani. Yeye, mtawa wa Kikapuchini, fukara wa kiapo, alihimiza watu wachange mpaka ikafunguliwa mwaka 1956, na leo bado wagonjwa wanatoka mbali kutibiwa hapo.

Kinachonishangaza ni kwamba ratiba yenu haina Monte Sant'Angelo kabisa. Mama, huko ndiko hija ya Gargano ilikoanzia! Mji uko karibu mita 800 juu ya bahari na barabara ni kona tupu. Wanaotapika njiani wabebe ndimu. Kanisani unaingia kwa kushuka. Ngazi 86, kisha milango ya shaba iliyotengenezwa Konstantinopoli mwaka 1076, kisha pango, mwamba wenyewe juu ya kichwa, baridi na unyevunyevu hata jua likiwa linawaka nje. Mapokeo yanasema Malaika Mkuu Mikaeli alitokea hapo mara ya kwanza mwaka 490, na askofu alipotaka kupaweka wakfu akaambiwa asihangaike, Malaika amekwisha kufanya mwenyewe. Mahujaji wa zamani walikuwa wakiweka kiganja ukutani na kukichonga kukizunguka. Nilijaribu mkono wangu kwenye kimojawapo, haukuenea. Nadhani alikuwa mtoto.

Nje wanauza kitu kitakachowachekesha nyote: hostia mbili, kama zile za komunyo, zimebanwa pamoja, katikati lozi na asali. Ni kitafunwa tu, usiogope.

Sasa bahari. Toka mlimani kupitia Msitu wa Umbra, miti mirefu, kivuli kizito, halafu ghafla unashuka mji wa Vieste. Pwani ya pale kuna nguzo ya mwamba mweupe, kama mita 25, inaitwa Pizzomunno. Wenyeji wanasimulia alikuwa kijana mvuvi. Nguva walimwonea wivu, wakamburura mchumba wake baharini, naye akageuka jiwe kwa majonzi. Kila baada ya miaka mia wanaruhusiwa kuonana. Mzee wako akisikia hiyo hatalala!

Usiache kutazama trabucco, kati ya Vieste na Peschici. Ni mtambo wa kuvulia uliojengwa kwa magogo juu ya miamba, umenyoosha mikono mirefu baharini, wavu umening'inia katikati. Mmoja anachungulia maji, mkizi wakipita kwa kundi anapiga kelele, wenzake wanazungusha gurudumu na wavu unapanda. Wavuvi wetu wangeuliza kwanza mbao zote zile zilitoka wapi.

Kuhusu tarehe, Agosti mliyoiweka haifai. Wataliano wote wako ufukweni, vyumba ghali, hata kivuli cha mwavuli kinalipiwa. Sogezeni hadi mwisho wa Septemba. Tarehe 23 ni sikukuu ya Padre Pio, tarehe 29 ni ya Mtakatifu Mikaeli, na siku hiyo upanga wake unatembezwa mjini kwa maandamano. Katikati hapo mnashuka Vieste. Maji bado yana joto na wenye likizo wamerudi makwao.

Jambo moja limwendee padri wenu. Mkipita uwanda wa Foggia mtaona mashamba ya nyanya. Wavunaji wengi ni vijana wa Kiafrika, wengine wanalala kwenye vibanda vya mabati na maboksi. Awataje kwenye misa ya safari. Si kila Mwafrika anayepita njia ile anakwenda kuhiji.

Kila mtu abebe sweta kwa ajili ya pango, na kanga ya kujifunika mabega. Za kwangu zimechakaa, niletee doti mbili, rangi chagua wewe. Mkikubaliana tarehe nipigie mapema niombe ruhusa kazini, nije kuwapokea Foggia.

Msalimie Baba Neema na wote hapo nyumbani.

Wako,
Mama Jose