Barua kwa Baba: Shule yenye Biblia

Baba,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila baridi tu ndiyo inatuonea. Nimwamkie na Mama.

Uliniuliza inakuwaje serikali ya Uholanzi imlipe mwalimu mshahara ili afundishe Biblia, na simu ikakatika. Jibu lake ni refu, ndiyo maana naandika.

Shule ya mjukuu wako ni ndogo, hata madarasa yamechanganywa, wakubwa na wadogo pamoja. Juu ya mlango yamechongwa maneno "Shule yenye Biblia". Kila Jumatatu asubuhi watoto wanasimama mmoja mmoja kusema kwa moyo ubeti wa zaburi wa wiki hiyo. Wa kwetu hukariri Jumapili jioni bafuni, kwa sauti kubwa, kwa Kiholanzi chenye lafudhi ya huku mkoani Zeeland, mpaka nami nimeushika ubeti bila kutaka. Akikosea neno darasani mwalimu hamkemei. Anamtazama tu, na mtoto anaanza upya.

Sasa historia. Katiba ya 1848 iliwaruhusu watu kufungua shule za dini, lakini kwa fedha zao wenyewe. Mwaka 1878 ikaja sheria iliyodai majengo bora na walimu zaidi. Shule za serikali zingesaidiwa na hazina. Za Kikristo zijijue zenyewe. Waprotestanti wakakusanya saini zaidi ya 300,000 wakampelekea Mfalme Willem III, wakimsihi asiipitishe. Akaipitisha tarehe 17 Agosti. Hapo ndipo ungewapenda, Baba: kuanzia mwaka uliofuata wakawa wanachangishana kila Agosti, karibu na tarehe ileile waliyoshindwa, kwa ajili ya shule zao. Ruzuku ya kwanza waliipata 1889. Mwaka 1917 katiba ikabadilishwa, shule ya dini na ya serikali zikalipwa sawasawa. Hadi leo watoto wengi wa shule za msingi wanasoma katika shule zisizo za serikali, na hazina ndiyo inayolipa.

Nikisoma haya naiwaza shule yako. Babu na wenzake walibeba mawe kwa vichwa, misheni ikaleta mabati, halafu Sheria ya Elimu ya 1969 ya huko kwetu Tanzania ikaikabidhi kwa serikali. Wapo wazee walionung'unika mpaka wakazikwa. Wewe ulisema mtoto wa Mwislamu naye anahitaji dawati, ukaendelea kufundisha. Wenzetu wa huku walishinda vita yao, lakini kijiji kimoja kikawa na shule mbili au tatu, watoto wakapishana njiani bila salamu, na hata mkate kila mtu akanunua kwa mwokaji wa kanisa lake. Kwa hilo nakupa wewe haki. Ila nikiwaona wazazi wanapaka rangi uzio wa shule Jumamosi nzima bila kusukumwa na mtu, nayumba.

Siku hizi watoto vijijini wanapungua. Kiwango cha chini kabisa kisheria ni wanafunzi 23, na kuna vijiji ambako shule ya Kikristo na ya serikali zimelazimika kuungana. Waliopeleka saini kwa mfalme wangesemaje, sijui!

Nina shauri moja nataka kwako. Shule yetu inamilikiwa na chama cha wazazi, nao wananitaka niwe mwanachama. Fomu inasema nisaini kwamba naikubali Biblia pamoja na Katekisimu ya Heidelberg ya 1563, mafundisho ya imani ya kanisa lao la Reformed. Wewe umenilea kwa Katekisimu Ndogo ya Luther, tena kwa fimbo kidogo. Nimeisoma yao yote. Mengi yanalingana, lakini kwenye Meza ya Bwana wanashika njia yao. Mkweo anasema nisaini, Mungu hasomi fomu. Mimi naona kuweka jina chini ya neno nisiloliamini ni uongo, na kukataa ni kumfanya mtoto awe mgeni katika shule yake.

Wewe ni mzee wa kanisa, na unanijua vizuri kuliko mchungaji. Niandikie kabla ya mkutano wa Machi.

Mwanao