Barua ya wazi kwa Mheshimiwa unayesimamia usalama wa majini: karatasi ya upepo ni ya lini?

Mheshimiwa,

Salamu kwanza, adabu hatujaisahau japo usiku wa kuamkia jana tumelala juu ya mawe kwenye kisiwa kisicho na mti hata mmoja, upepo unatuchapa mpaka mchanga unaingia masikioni. Nilishasema siandiki tena, nimeandika sana huko ofisini kwako, ila hii ya juzi imenishinda.

Tulipoingia majini na kayaki asubuhi bahari ilikuwa imetulia kama kioo, na hapo ndo penye mtego ambao wataalamu wako wanaujua vizuri kuliko sisi. Upepo ukitokea nchi kavu kwenda baharini, pale ufukweni huusikii, miti na vilima vinakukinga, unapiga kasia unajiona bingwa kumbe unasukumwa tu. Ukitoka kwenye ile kinga ndo unaupata wote. Haya, geuza sasa urudi! Mtu wa kawaida kwenye kayaki anakwenda kama kilomita 5 au 6 kwa saa maji yakiwa shwari, sasa upepo wa kilomita 35 kwa saa ukikujia usoni unapiga kasia husogei, ukisimama ukohoe tu umesharudi nyuma. Na kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili nguvu yake haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Tena maji yakaanza kujaa, mkondo unaingia, upepo unatoka, vikikutana hivyo mawimbi yanasimama wima, tukaona bora kisiwa kile kuliko kwenda tusikokujua.

Mwenzangu alishuka, akageuka kidogo kuchukua mkoba, kayaki yake tupu ikanyanyuliwa na upepo ikabingirika ufukweni tukaikimbiza. Ikabidi tuijaze mawe na kuifunga kamba kwenye jabali. Vidole vimekufa ganzi, fundo moja tunalifunga watu wawili.

Tukapiga namba ya dharura. Tukaambiwa boti ipo ila mwenye ufunguo hayupo. Sijui yuko likizo au mafuta hakuna, mi nahisi ni mafuta, maana ufunguo ukipotea watu huwa wanautafuta. Tukahamia kwenye redio, chaneli 16, ile ya dharura ambayo mabaharia dunia nzima wanaijua. Unajua nani alijibu Mheshimiwa? Nahodha wa meli ya mizigo iliyokuwa inapita mbali huko. Mtu hatujui, ana mzigo wa watu na safari yake, akawa ndo anapiga simu nchi kavu kutuulizia. Wa kwako kimya. Alfajiri upepo ulipopungua tukarudi wenyewe, tukaikuta boti ya uokoaji imefunikwa turubai, kavu kabisa, hata tone la chumvi haina.

Sasa nikukumbushe. Ulisimama pale pale ufukweni na kipaza sauti, ukaahidi kabla msimu huu haujaanza tutakuwa na ubao wa utabiri wa upepo wa kila siku, na mfuko wa upepo juu ya mlingoti, ule wa kitambaa unaoonyesha upepo unaelekea wapi. Tulipiga makofi, mimi nilikuwa mbele. Ubao upo, tusiseme uongo. Una karatasi moja ndani ya nailoni, jua limeichoma mpaka imekuwa rangi ya chai, ukikaza macho unasoma "upepo hafifu". Ilibandikwa siku ya uzinduzi! Tangu hapo kila siku upepo ni hafifu, hata siku ule ulioezua mapaa. Kwenye mlingoti imebaki pete ya chuma, mfuko wenyewe labda umebebwa na huo upepo hafifu.

Najua mtasema utabiri si upo kwenye simu. Upo ndio, ila namba kubwa unayoiona pale mara nyingi ni wastani, yale mapigo ya ghafla yanaweza kuuzidi hata kwa asilimia 40, na ndo hayo yanayopindua watu. Na mgeni aliyekodi kayaki kwa saa moja nani kamwambia aangalie upepo unatoka upande gani? Anaona maji yametulia anaingia.

Nilitaka niombe mengi, boti yenye mafuta, ufunguo wa pili, mtu wa kusikiliza redio usiku. Nayaacha. Naomba karatasi. Mtu mmoja kila asubuhi aandike upepo unatoka wapi, una kasi gani, utabadilika saa ngapi, abandike pale. Kalamu tutanunua sisi, hata nailoni tutaleta. Karatasi tu Mheshimiwa.

Jumamosi kuna wanafunzi wanaingia majini na kayaki pale pale. Karatasi ya Jumamosi tunaomba iwe ya Jumamosi.

Wako,
Mpiga kasia