Kidhibiti cha breki za trela kisitegemee simu peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na wasomaji wanaokokota karavani, zile trela za kulala safarini, hasa walio mbioni kununua kidhibiti cha breki kisichotumia waya, yaani kifaa kinachoamua breki za umeme za trela zibane lini na kwa kiasi gani. Vifaa hivi vimependwa kwa sababu nzuri: hutoboi dashibodi, hukati waya wa gari, na trela lile lile unaweza kulihamisha kutoka gari hili hadi lile kwa dakika chache. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huangalia bei na uzuri wa programu ya simu, wakasahau kuuliza mawasiliano yakikatika katikati ya barabara breki za trela zitafanya nini.

Kabla ya hapo, hakikisha trela lako linahitaji kifaa hiki. Karavani nyingi za Ulaya zina breki za msukumo: gari likipunguza mwendo, trela hulisukuma kwa nyuma, na msukumo huo ndio unaovuta kebo za breki. Kuzinunulia kidhibiti ni kutupa pesa. Breki za umeme utazijua ukiinama nyuma ya gurudumu: nyaya mbili huingia kwenye sahani ya breki na kwenda hadi kwenye sumaku iliyo ndani ya dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu. Umeme ukipita, sumaku hung'ang'ania uso wa dramu inayozunguka, huburutwa nayo kidogo, na mkono unaoibeba husukuma breki shuu zikabana. Umeme ukiongezeka, hubana zaidi. Kazi ya kidhibiti ni kuamua umeme uende lini na kwa kiasi gani. Kama trela lako lina breki za diski zinazosukumwa na pampu ya mafuta iendeshwayo kwa umeme, soma maelekezo kwanza, kwa maana si kila kidhibiti huelewana na pampu hizo. Vingine huona kama hakuna trela lililoungwa.

Madukani utakutana na aina mbili. Ya kwanza huchomekwa kati ya plagi ya trela na soketi ya pini saba ya gari, kama Curt Echo, na hupangwa kwa simu kupitia Bluetooth. Ya pili ni kisanduku kinachofungwa kwenye fremu ya trela. Prodigy RF ya Tekonsha ni ya namna hii, na badala ya simu dereva hupewa kidude cha mkononi kinachowasiliana na kisanduku kwa mawimbi ya redio. Zote mbili zina kihisi kinachopima jinsi mwendo unavyopungua, ili gari likisimama taratibu trela nalo lisimame taratibu, na ukikanyaga kwa nguvu nalo libane kwa nguvu. Kidhibiti kisicho na kihisi, kinachopandisha umeme kwa kuhesabu muda tu tangu taa za breki ziwake, sikishauri kwa karavani.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Kifaa kilichoundwa vizuri huhifadhi mipangilio ndani yake chenyewe. Simu ikizimika, breki huendelea kufanya kazi kwa kiwango ulichopanga mara ya mwisho, kwa sababu amri ya kubana hutokana na nyaya za taa za breki na kihisi, haitoki kwenye simu. Usitosheke na maneno ya muuzaji, jaribu mwenyewe. Panga kiwango, zima simu kabisa, nenda kilomita 15 kwa saa mahali pa wazi pasipo watu, kisha kanyaga breki. Ukihisi trela linalivuta gari nyuma, kifaa kimefaulu. Ukihisi linakusukuma, kirudishe dukani. Rudia jaribio baada ya kuchomoa plagi na kuichomeka upya, simu ikiwa bado imezimwa, ili uwe na hakika kwamba hakikumbuki mipangilio wakati kina umeme tu.

Kinachobaki kutegemea simu ni kubana breki za trela peke yake, na hapa ndipo ninapoomba wasomaji wasikubali kurahisishiwa mambo. Trela likianza kupiga mkia, iwe ni kwa upepo wa ubavuni au kwa lori lililokupita, unaachia mafuta taratibu, unashika usukani bila kupambana nao, na unabana breki za trela bila kukanyaga za gari, ili trela livutwe kwa nyuma na kunyooka. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, gari linakwenda mita 25 kila sekunde. Hebu itazame ile simu: kioo kimejifunga, unaweka kidole, unatafuta programu, unagusa kitufe kilichochorwa juu ya kioo laini ambacho hakina ukingo wa kupapasa. Sekunde tatu tu, umeshakwenda mita 75 huku trela likizidi kuyumba. Bado hatujaitaja simu iliyoingiliwa na mtu anayepiga wakati huo huo, wala iliyokaa juani kwenye dashibodi ikapata moto na kujizima.

Nunua kidhibiti chenye kitufe halisi cha kubonyeza, kinachokaa mahali mkono unapokifikia macho yakiwa barabarani. Kama umeshanunua cha simu tu, uliza kama mtengenezaji anauza kitufe cha ziada. Hakipo? Basi simu ikae kwenye kishikizo imara mbali na jua, iwe kwenye chaji, programu iwe wazi safari nzima, kioo kisijifunge, na uzime ule mpangilio wa kuokoa betri unaofunga programu zisizotumika. Simu nyingine za familia zifutwe kwenye kidhibiti, isije ya mtoto aliye kiti cha nyuma ikaunganishwa kabla ya ya dereva.

Malalamiko mengi ya kidhibiti kibovu huishia kwenye umeme, wala si kwenye kidhibiti. Sumaku moja ya dramu ya inchi 10 au 12 hula takriban ampea 3 kwa volti 12. Karavani ya ekseli mbili ina sumaku nne, kwa hiyo ampea 12. Ya ekseli tatu ni ampea 18. Kabla ya kulipa, soma kifaa kinaruhusu breki ngapi. Halafu kagua soketi ya gari. Kidhibiti cha kuchomeka hutegemea pini ya volti 12, ile ya kuchaji betri ya trela, na yapo magari yanayotoka kiwandani yakiwa na waya wa pini hiyo ila fyuzi au rilei yake haijawekwa. Indiketa zinafanya kazi, taa za nyuma zinawaka, mwenye gari anaapa kwamba soketi ni nzima, na kidhibiti kimekufa ganzi. Pima kwa mita kati ya pini hiyo na pini ya hasi injini ikiwa inanguruma. Usiishie hapo, kwa sababu pini iliyoota kutu ya kijani inaweza kuonyesha volti kamili kwenye mita na bado ikashindwa kubeba mzigo. Washia balbu ya wati 55 kwenye pini hizo hizo usome tena. Volti zikiporomoka, safisha au badilisha soketi.

Wala usiamini rangi za nyaya. Kwenye karavani za Marekani kijani kwa kawaida ni taa za nyuma na kahawia ni indiketa ya kulia, ilhali upande wa magari mara nyingi ni kinyume chake. Ukiunga kijani kwa kijani umevuruga, na kidhibiti kinachotambua breki kwa kuangalia nyaya za indiketa, ambazo kwenye mfumo huu ndizo hizo hizo za taa za breki, kitabana wakati usiofaa au kisibane kabisa. Pima kila pini msaidizi akiwasha kitu kimoja kimoja.

Unene wa waya nao ni jambo la hesabu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, wenye urefu wa mita 10, ukibeba ampea 12 hupoteza karibu volti 0.8, na waya wa hasi wa unene huo huo hupoteza nyingine kama hizo. Sumaku zinabaki na volti 10 na ushei, breki zinalegea, na dereva anapandisha kiwango hadi mwisho bila kupata nafuu. Weka waya wa milimita za mraba 6 kwenda na kurudi. Hasara inashuka hadi karibu volti 0.7 kwa jumla.

Swichi ya dharura, ile inayobana breki trela likichomoka, ni mfumo wa peke yake wenye betri yake kwenye trela, na kidhibiti cha aina yoyote hakichukui nafasi yake. Kamba yake ifungwe kwenye fremu ya gari, kamwe isifungwe kwenye mpira wa kukokotea wala kwenye minyororo. Unapoijaribu, chomoa kwanza plagi ya pini saba, ndipo uvute pini. Ukiiacha plagi imechomekwa, umeme wa betri ya trela unaweza kurudi nyuma na kuunguza kidhibiti.

Kupanga kiwango kufanyike trela likiwa na mzigo wake wa safari, kwenye lami kavu na tambarare, baada ya kusimama mara kadhaa ili dramu zipate joto. Nenda kilomita 40 kwa saa, bonyeza kitufe cha trela peke yake, ongeza hatua kwa hatua mpaka matairi ya trela yakaribie kujifunga, kisha rudisha nyuma kidogo. Ukipunguza au kuongeza mzigo, panga upya. Breki mpya zirekebishwe baada ya kilomita 300 hivi, kwa sababu breki shuu zikishakaa sawa pengo huongezeka na kidhibiti hulaumiwa bure.

Baada ya kilomita 20 za kwanza simama, pima joto la kila dramu kwa kipimajoto cha kulenga, usiguse kwa kiganja. Dramu iliyo baridi kuliko wenzake huenda ina sumaku isiyopata umeme, na mara nyingi utakuta waya umekatika pale pale unapoingia kwenye sahani ya breki.

Wako,
Fundi umeme wa magari