Barua kwa Mwanangu Kabla ya Mkutano na Kampuni

Mwanangu,

Assalaam aleykum. Nimeisoma karatasi ya mradi wenu na ile kampuni ya samaki, na sikuona popote palipoandikwa kampuni itawapa nini. Pana nembo mbili, picha ya mkuu wa kitivo, na "ushirikiano wa karibu". Huo si mkataba, ni kadi ya harusi.

Nani atatia saini? Afisa wa uhusiano hashiki funguo za data. Mtakeni msimamizi wa ghala la baridi, na aandikwe pia atakayekaimu akienda likizo. Muhula ni mfupi. Data ikichelewa hadi wiki za mwisho, mtabuni takwimu na kuonyesha slaidi nzuri.

Tena mshaanza kuchora app! Hapo umeniudhi, na nyumba hii hakuna anayekushinda akili. Utaratibu huu mnaoufuata, wa kujifunza kwa kutatua changamoto halisi, ulioanzia Apple mwaka 2008, una hatua tatu: kujihusisha, kuchunguza, kutenda. Nyinyi mmeiruka ya kati. "Kupunguza hasara ya samaki" ni wazo pana tu. Libaneni mpaka lipimike: toka mashuani hadi Nairobi, samaki apata joto wapi, na kwa dakika ngapi?

Kwanza hakikisheni kipimajoto. Pondeni barafu, tieni maji kidogo, koroga, chovyeni ncha bila kugusa chombo. Ikitulia isome nyuzi 0. Isiposoma hivyo, andikeni tofauti. Kisha mchome samaki penye mnofu mnene, si juu ya ngozi, maana ngozi iliyolalia barafu hudanganya. Saa na nyuzi ziandikwe kila mzigo ukibadilisha mikono: ufukweni, mnadani, kwenye lori, ghalani. Huenda mkakuta kisa ni barafu chache au mlango wa lori ulioachwa wazi, na app haina kazi. Hilo nalo liandikwe mapema, kwamba jibu la namna hiyo lakubalika, kwa kampuni na kwa mhadhiri anayetoa alama.

Madereva mtakaowahoji, majina na namba zao za simu zisizagae kwenye kundi la WhatsApp. Pana Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Na mtakachobuni kitakuwa cha nani, chenu, cha chuo au cha kampuni? Baada ya maonyesho umechelewa kuuliza. Saini kwanza, mwanangu, ndipo mtoke kupima.

Tangi la juu lavuja tena, fundi aja Jumamosi. Nauli nimekutumia kwa M-Pesa. Dadako apanda treni Ijumaa, mpokee stesheni. Ana mahamri na achari ya maembe kutoka kwa mamako. Mahamri yaliwe siku hiyo hiyo, na achari usimwachie mwenzako wa chumbani chupa nzima kama muhula uliopita.

Karatasi ikishasainiwa, nitumie picha.

Babako